Mzee Msamaha na Tozo ya Moshi

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mkuu wa Kitengo cha Tozo ya Hewa Ukaa anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Sisi wa korido ya chini tunamwita Mzee Msamaha, naye huitika bila kinyongo.

Aliajiriwa akiwa karani mwenye suruali moja nzuri, akapanda ngazi hadi akakabidhiwa kazi ambayo wenzake waliikwepa: kuandika kanuni za tozo ya moshi. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Anayechafua hewa alipe kwa kila tani. Akionja uchungu wa kulipa, atatafuta nishati safi mwenyewe bila kusukumwa. Mzee aliliandika vizuri sana, kurasa arobaini, kisha akachomeka kifungu kimoja cha kiungwana: atakayeelemewa aandike barua ya kuomba msamaha.

Barua zikamiminika. Kiwanda cha saruji kiliomba kwa sababu kinatoa moshi mwingi mno. Kiwanda cha sabuni kikaomba kwa sababu kinatoa kidogo mno. Wenye malori walileta barua pamoja na kalenda ya ukutani. Mzee, ambaye hajawahi kumvunja mtu moyo, akazigonga muhuri zote. Mimi wa masjala ndiye niliyezifungulia mafaili, mia mbili na kumi na manne, huku nikikohoa, maana dawati langu liko hatua tatu kutoka jenereta la ofisi.

Mwisho wa mwaka mlipaji alibaki mmoja tu: ofisi yetu. Hakuna aliyekumbuka kujiandikia barua, na Mzee alishikilia kwamba hawezi kumsamehe asiyeomba. Mwaka wa kwanza tulilipa tukicheka, wa pili tukinuna. Wa tatu Mhasibu akaja juu, na sola zilizolala stoo miaka tisa zikafungwa juu ya paa kwa siku kumi na mbili. Jenereta likazimwa, kifua changu kikatulia. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba tozo haifanyi kazi. Ilifanya kazi kila mahali ilipotozwa, yaani hapa.

Mwezi uliopita Bosi mpya wa ofisi nzima alitaka jenereta liwashwe tena kwa ajili ya viyoyozi vyake viwili, akaleta barua ya msamaha. Nilimpelekea Mzee faili shingo upande, kwa kuwa daktari ameshaniambia kifua hiki hakitaustahimili moshi tena. Alisoma, akavua miwani, akaivaa, kisha akaandika neno moja kwa wino mwekundu: Hapana.

Nililia pale pale, sioni haya kusema. Kabla sijamaliza kufuta machozi nikapandwa na hasira: kumbe neno hilo alikuwa nalo miaka yote!

Mzee wetu, ahsante kwa hilo moja. Tunakuombea afya, usingizi mnono na wajukuu wengi. Wakikusumbua kwa peremende, jibu unalijua.