Mzee Sahani na Mawimbi ya Kila Dakika Sita

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi katika maabara yetu ya seli, fundi mkuu wetu anastaafu. Kwenye faili la utumishi ana majina matatu marefu. Sisi tumemwita Mzee Sahani tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta bila kisahani cha plastiki mkononi.

Kwa wasomaji walio wageni, tueleze alichokuwa anafuga. Kuvu ute ni viumbe vidogo vya udongoni, kila kimoja ni seli moja inayojitegemea. Chakula kikiisha, seli moja hutoa kemikali. Jirani yake huinasa kwa vipokezi vilivyo juu ya utando wake, husogea kule ilikotoka, kisha naye hutoa ya kwake ili wa nyuma apate habari. Ukiimulika sahani kutoka ubavuni ndani ya chumba chenye giza, utaiona habari hiyo ikipita kama wimbi jeupe, na jingine baada ya dakika sita hivi. Mwishowe maelfu hukusanyika na kuwa kitu kimoja.

Mzee Sahani aliyahesabu mawimbi hayo kwa macho yake. Kamera tuliletewa mara moja, ikaharibika mwaka wa pili, na hakuna aliyeona haraka ya kuitengeneza maadamu yeye yupo.

Vituko havikukosekana. Seli zilipotakiwa kushinda njaa alizikatia chakula bila huruma, lakini saa sita na nusu kamili yeye mwenyewe alikuwa kantini. Kiyoyozi kilipokufa, alizihamishia nyumbani kwake ndani ya kikapu chenye taulo mbichi. Siku ya nne mkewe alitupigia simu kuuliza wageni wale wanaondoka lini.

Fahari yake ni sahani moja ambayo seli zake zilikaa na njaa siku tatu bila kukusanyika. Tulitaka kuimwaga, akakataa katakata. Ikaja kuonekana kwamba hazikuwa na kipokezi: habari ilifika, pa kuipokelea hapakuwapo. Akaziita Viziwi, na jina hilo liko kwenye visanduku vya friza yetu mpaka leo.

Mimi ninayeandika haya ni mwanafunzi wake. Alinifundisha kushika pipeti bila kutetemeka, akaniita mwanangu siku ya kwanza na hajaacha.

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu ni nzito. Oktoba iliyopita nilimwekea sahani mezani, nikazima taa ya juu, nikaacha ile ya ubavuni, nikakaa na daftari. Yeye hutazama, mimi huandika. Akasema, "Hilo limepita." Nikaandika saa. Dakika sita baadaye, "Na hilo, mwanangu." Alitaja mawimbi saba. Nilipoitoa sahani kwenye mwanga nikasoma kifuniko, nikaona nilikosea kisanduku. Zilikuwa seli za Viziwi, na Viziwi hawatoi wimbi hata moja.

Nilielewa papo hapo. Hakuwa akiyaona mawimbi tena, alikuwa akihesabu kwa mazoea ya miaka thelathini. Nilichana ule ukurasa, nikamwambia kazi imekwenda vizuri.

Baadaye niligundua kwamba sikuwa peke yangu. Mtunza stoo alikuwa ameanza kumwandikia lebo kwa herufi kubwa. Mkuu wa maabara alikuwa akivirudia vipimo vyake siku za Jumamosi, kimyakimya. Kila mmoja alijua, hakuna aliyemwambia mwenzake, na hakuna aliyemwambia yeye. Tuliiita heshima. Sisi hawa, ambao kazi yetu ni kuchunguza jinsi jirani anavyompasha jirani habari!

Mwanzoni mwa mwezi huu alikosa ngazi mlangoni petu akaanguka, na binti yake akampeleka hospitali. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha siku nyingi. La kulia, daktari alisema, lingeweza kuokolewa kwa dawa ya matone kama angefika miezi minane mapema.

Aliporudi, alikuja kuomba radhi. Yeye! Alisema alificha kwa kuogopa kurudishwa nyumbani kabla ya wakati wake, akaomba takwimu zake zote za tangu mwaka jana zifutwe zisije zikampotosha mtu. Zimefutwa. Siku hiyo pia hatukumwambia kwamba tulijua.

Mzee wetu, najua maneno haya unasomewa na binti yako, kwa hiyo nakuambia hapa mbele ya watu wote. Nilijua tangu Oktoba. Nilinyamaza kwa sababu nilikupenda na kwa sababu niliogopa, na wakati huo jicho lako moja lilikuwa bado linaweza kuokolewa. Wenzangu wameyasoma haya na kuyatia saini.

Asante kwa kila sahani na kwa kila mtu uliyemfundisha. Sote tunakutakia mapumziko ya amani, pamoja na mama na watoto. Nami naomba msamaha wako. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, na kama hutaki kunifungulia, nitaelewa.