Arlene Kucera Aliyebadilisha Mkono

Tarehe 30 Septemba, Arlene Kucera anastaafu gofu ya kulipwa baada ya miaka ishirini na tisa. Klabu yetu ya Cottonwood, hapa Nebraska, imemwandalia chakula cha jioni. Yeye ameomba hotuba ziwe fupi, na sisi tuliocheza naye tumezoea kushindwa naye, kwa hiyo tumekubali.

Arlene alijifunza mchezo huu katika malisho ya ng'ombe ya baba yake. Alipofika kwenye mashindano makubwa, alishangaa kuona nyasi zimekatwa vizuri vile na hakuna ng'ombe hata mmoja.

Alitwaa mataji manne. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kuruka. Haukuruka alipokula, wala alipoendesha gari. Ulingoja asimame hatua moja kutoka shimoni, mbele ya umati, ndipo ukashtuka kama umeguswa na umeme. Madaktari waliupima wakasema ni mzima. Arlene alijibu kwamba amefurahi kusikia, ila mkono wenyewe haujapewa taarifa.

Misimu miwili ikapita bila ushindi. Wadhamini waliondoka, kwa adabu sana. Likabaki shindano moja, la mjini Des Moines: asipomaliza katika kumi bora, nafasi yake miongoni mwa wachezaji wa kulipwa imekwisha.

Siku ya mazoezi, dada yake Bernadine, aliyembebea begi la fimbo tangu mwanzo, alichoka kutazama.

"Badilisha mkono," akasema.

"Lakini mimi si wa kushoto, dada."

"Na huo wa kulia siku hizi si wako."

Wakaenda duka la mitumba, wakapata fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ya watu wa mkono wa kushoto. Kesho yake Trudy Haskell, bingwa kutoka Texas, alimtazama akijipanga, akauliza, "Arlene, leo unacheza ndani ya kioo?" Watu wakacheka. Arlene naye alicheka, ila wa mwisho.

Siku ya mwisho, shimo la mwisho, alibakiwa na pigo moja lenye urefu wa trekta na trela lake. Akikosa, anarudi nyumbani.

"Usiufikirie mpira," Bernadine alinong'ona.

"Wala siufikirii. Naogopa tu wa kulia usije ukaona wivu."

Akasukuma. Mpira ulifika ukingoni, ukasita, ukaingia. Nafasi ya tisa. Arlene akaketi pale pale kwenye nyasi, akalia mpaka mwamuzi akaja kuuliza kama ameumia.

"Hapana," akasema. "Nimepona."

Trudy, aliyechukua kombe siku ile, aliliweka chini ili amwinue kwa mikono miwili.

Kwa mkono wa kushoto Arlene alicheza miaka kumi na mitatu zaidi, akaongeza mataji mawili. Wachezaji ambao mikono yao ilianza kuruka walifunga safari hadi jikoni kwake. Aliwalisha kwanza kolache, ile mikate yetu midogo yenye jamu ya plamu, ndipo akawapeleka uwanjani. Wengine walirudi mashindanoni. Mmoja alifungua duka la maua. Hakuna aliyeondoka na njaa.

Asante, Arlene. Asante, Bernadine, kwa begi na kwa ulimi. Tunawatakia usingizi mzito, ziwa lenye samaki wengi, na asubuhi ambazo hakuna mtu anayesimama na kipaza sauti kutangaza kwamba zamu yenu imefika.