Jezi Zilizotupwa Getini

Timu yetu iliposhuka daraja, mimi sikutikisika hata kidogo, muulize yeyote. Kwa hiyo leo asubuhi kwenye basi nilitega sikio kwa haki kabisa.

Kwenye kiti cha mbele yangu, fundi wa kuchomelea alikuwa akimhoji mama anayefua jezi za timu, utadhani mama ndiye aliyefungwa mabao manne.

"Mama, msimu ujao tunapanda, au viongozi wanatuchezea?"

"Tunapanda, mwanangu."

"Na yule kipa? Jezi yake siku ile ya mabao manne si ilirudi safi, kama hakudaka kitu?"

"Ilikuwa na tope mpaka kwenye kola. Niliisugua mara tatu."

"Labda alijipaka," akasema fundi, ambaye kwa kweli alikuwa anashuku hata tope.

Mama akashusha pumzi. "Mimi ninaowashuku ni nyie mashabiki. Vijana wote wamekubali kubaki. Mechi ya kwanza wakikuta majukwaa matupu, nani atawazuia kuondoka? Siku ile niliokota jezi zenu kumi na moja getini."

Nikashindwa kunyamaza. "Wasaliti hao, mama. Mimi yangu nalala nayo."

Akageuka, akanitazama taratibu. "Si wewe uliyepita getini kifua wazi, mpira haujaisha? Nilikuita ukakimbia. Yako nimeshaifua, njoo uichukue."

Fundi naye akageuka, akanitazama kwa shaka ile ile aliyokuwa nayo juu ya kipa. Basi likasimama. Hakikuwa kituo changu, lakini nilishuka.