Babu Penseli na Migongo ya Ramani

Babu Penseli wa chumba cha ramani amefanya kazi hapa miaka thelathini na minne na miezi mitano, na anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini. Kijitabu hiki cha kumuaga nimeombwa niandike mimi, bibi wa usafi na chai, kwa sababu wengine wote waliobaki walimkuta hapa. Mlitaka maneno matamu. Mtayapata, na mengine mtayasoma.

Alipoanza, ramani za majengo ya mji huu zilikuwa zimerundikwa kwenye bafu bovu la ghorofa ya pili, zimekunjwa kama mashuka ya kufua. Alizitoa moja moja, akazilaza sakafuni, akazikandamiza pembe kwa vifuko vya mchanga nilivyomshonea kutoka kwenye mapazia makuukuu. Kila ramani akaiandikia kadi: jengo gani, mtaa gani, nani alichora, mwaka gani, iko droo ya ngapi. Leo ziko elfu kumi na moja na mia sita, katika droo sitini na mbili. Kalamu ya wino haikupita mlangoni kwake. Mkurugenzi mmoja, sasa ni marehemu, alipekuliwa mifuko ya koti kama mtoto aliyeiba sukari, akatoa kalamu mbili na tabasamu la aibu.

Lakini uhodari wake hauko kwenye kadi, uko mgongoni mwa ramani. Mchoraji huchora anachotaka, fundi hujenga anachoweza. Kwa hiyo Babu alikwenda kwa miguu kulitazama jengo lenyewe, akarudi na vumbi hadi magotini, akalimwaga kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki, kisha akaandika nyuma ya ramani kwa penseli yote yaliyobadilishwa. Kila aliyeajiriwa chumbani mle alianza kwa kufundishwa maneno mawili: "Geuza kwanza."

Bomba lilipopasuka kwenye wodi ya wazazi, mafundi walikuwa wameshatoboa ukuta mara tatu wakifuata mchoro. Babu akageuza: bomba lilihamishiwa upande wa ngazi. Likatobolewa tundu moja, maji yakafungwa, vichanga wakaendelea na usingizi wao.

Sasa nisikilizeni, wajukuu zangu wa ofisi ya juu, maana nimekasirika na sioni sababu ya kuficha. Mmeleta mashine ya kupiga picha ramani ili zikae kwenye kompyuta. Vizuri. Miezi mitatu mmezipitisha, zote uso tu. Hakuna aliyegeuza hata moja. Na Jumatatu lori linakuja kuzibeba zikasagwe, chumba kiwe cha mikutano. Mikutano ya nini, watu msioweza kugeuza karatasi?

Na Babu naye simwachi. Mtu aliyempekua mkurugenzi, juzi kikaoni alisema mara moja tu kwamba migongo haijapigwa picha. Akajibiwa, "Mzee, wewe pumzika sasa." Akasema sawa, akaenda kukifunga kikombe chake kwenye gazeti. Jikoni nilimwambia amenitia aibu. Akawa anakoroga chai isiyo na sukari.

Tazameni jalada la kijitabu hiki. Ni ramani ya jengo letu, imetoka kwenye mashine yenu, na inaonyesha mlango mpana nyuma ya ukumbi. Ofisi ya juu wameufuata mchoro huo, wakaandika kwenye ratiba kwamba wageni watatokea huko kwenda kupiga picha ya pamoja. Haya, nendeni. Mtakutana na ukuta ninaoufuta utando wa buibui mwaka wa thelathini na sita huu. Nyuma ya ramani yenyewe Babu ameandika: mlango huu haukujengwa. Nyuma ya kijitabu ni kweupe.

Ndugu yangu, asante kwa kila droo inayofunguka bila kukwama, na kwa kila fundi uliyemwokoa na ujinga wake. Nakuombea magoti yatulie, macho yapumzike, na wajukuu wakuchoshe kwa vicheko. Ila leo utapewa kipaza sauti. Usituage kabla hujasema yale maneno yako mawili, kwa sauti ile ile uliyompekulia mkurugenzi. Ufunguo wa chumba cha ramani uko mfukoni mwa aproni yangu, na Jumatatu utakuwa humo humo, mpaka ramani ya mwisho igeuzwe.