Mwalimu wa Darasa la Kwanza na Vitabu Visivyo na Picha

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu, na hata wewe uliyeingia kwa sababu uliona viti, familia imemtuma shemeji wa marehemu, mdogo wake mumewe, asimame asome maisha ya mwalimu wetu, naye ameahidi mbele ya mashahidi watatu kwamba hatachekesha watu, na pale ahadi itakapomshinda mumvumilie, maana marehemu alimvumilia miaka arobaini na mmoja.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 7 Machi 1961, mtoto wa nne kati ya watoto saba wa karani wa stesheni ya reli na mama muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, na inasemekana kilio chake cha kwanza kilikuwa na nguvu kiasi kwamba abiria mmoja aliacha chai yake mezani akakimbilia behewa, akidhani treni imepiga honi. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1979, ambako mkufunzi mmoja mpole aliwafundisha kwamba mtoto huanza kwa sauti ya herufi moja moja, halafu anaziunganisha apate silabi, halafu silabi zimpe neno, pole pole, bila kumkimbiza. Marehemu aliona mambo hayo yanachosha tu, na bwenini alikuwa akimwigiza yule mkufunzi, anatoa "sss" kama tairi lililochomwa msumari, wenzake wanaanguka vitandani kwa kicheko, na alipohitimu tarehe 28 Novemba 1980 daftari la somo lile alilitupia chini kabisa ya sanduku.

Alianza kazi Jumatatu tarehe 12 Januari 1981, akapewa darasa la kwanza, na darasa la kwanza hakulitoka tena. Njia yake ilikuwa ya kuimba, yeye anagusa mstari kwa fimbo na kuusoma, darasa zima linarudia, mara kumi, mara ishirini, mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka, na kufikia muhula wa pili watoto sitini walikuwa wanakisoma kitabu chote kutoka jalada hadi jalada bila kupumua, wazazi wamejazana madirishani wanafuta machozi, mwalimu mkuu anatembea kifua mbele kama aliyewazaa wote sitini. Shule ikapewa bango la ushindi wa kusoma, likatundikwa ofisini juu ya kiti cha mkuu, na kwa miaka kumi na sita hakuna aliyeuliza kitu.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1982 na fundi seremala, mtu wa maneno machache ambaye siku ya kuposa alileta meza badala ya hotuba, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili, mwaka 1984 na mwaka 1986, na kitindamimba wa kike aliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1990, ambaye leo ni mshonaji na amekaa hapa mstari wa mbele. Mwaka 1997 binti huyu aliingia darasa la mama yake, akakaa benchi la tatu, na alikuwa ndiye anayeimba kwa sauti kuliko wote, mama yake akijua fika kwamba huyu ni wa kujivunia.

Jumatatu tarehe 6 Oktoba 1997 shule ilipokea vitabu vipya, kitabu kile kile, kurasa zile zile, maneno yale yale, isipokuwa huko kiwandani mashine ilikataa kuchapa picha, kila mahali pa picha pakabaki kisanduku kitupu. Marehemu alivigawa bila wasiwasi, akasema fungueni ukurasa wa kumi na mbili, someni, na darasa la watoto hamsini na wanane likanyamaza kimya. Alicheka, akadhani wanaogopa vitabu vipya, akamwita binti yake mbele aokoe jahazi, binti akashika kitabu, akakitazama, akakigeuza, akainua macho akasema, "Mama, ng'ombe hayupo." Darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea, na marehemu alisimama pale na fimbo yake, akaelewa kwamba watoto wale hawajawahi kusoma, wamekuwa wakitazama ng'ombe wanaimba ya ng'ombe, wakitazama ndoo wanaimba ya ndoo.

Alitumia wiki nzima kuwapima mmoja mmoja chini ya dirisha, waliosoma kweli walikuwa kumi na saba, wasiojua chochote arobaini na mmoja, na kati ya hao arobaini na mmoja yumo wake wa kumzaa. Alipopeleka hesabu hiyo ofisini, mwalimu mkuu aliivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Mwalimu, rudisha vile vya picha, maisha yaendelee." Marehemu aliandika kumi na saba kwenye ripoti, bango likashushwa, na kuanzia siku hiyo akiingia chumba cha walimu mazungumzo yanabadilika ghafla kuwa ya hali ya hewa.

Wale watoto walipandishwa darasa la pili hivyo hivyo, akaomba abaki nao akakataliwa, basi akalifukua lile daftari la chuoni, akamwambia mumewe amchongee herufi kwa vipande vya mbao vilivyobaki, na kila alasiri, katika karakana ya mumewe, kati ya misumari na vumbi la randa, akawafundisha sauti, yeye aliyeicheka sauti sasa anavuma "mmm" mpaka watoto wakambatiza Bibi Mmm. Ilikwenda taratibu, tena taratibu ya kukatisha tamaa, wiki tatu mtoto hajavuka herufi tano na mzazi anauliza mbona zamani walikuwa wanamaliza kitabu, lakini siku moja mtoto yule yule anasimama barabarani anasoma kibao cha kinyozi ambacho hakuna aliyemfundisha, na marehemu anarudi nyumbani anatembea kama msichana. Alijifunza pia kwamba sauti peke yake haitoshi, maana mmoja aliunganisha kila neno barabara na alipoulizwa amesoma nini akajibu, "Nimesoma, mwalimu, sijasikiliza," hivyo akaongeza hadithi na maswali. Alipostaafu tarehe 7 Machi 2021, kati ya wale arobaini na mmoja alikuwa amewapata na kuwafundisha thelathini na watatu, wengine wakiwa tayari na ndevu, saba walihama asijue waliko, na mmoja alikuwa anakula naye meza moja kila siku.

Kwa sababu binti alikataa. Tangu siku ile shule nzima ilimwita Ng'ombe Hayupo, na alasiri alikuwa anasimama mlangoni mwa karakana, mkono kiunoni, anasema, "Mimi nimeshasoma, fundisha wageni wako." Alifika darasa la saba kwa masikio na kumbukumbu, akajifunza cherehani, akawa fundi wa kusifiwa, vipimo vya kila mteja anaviweka kwenye uzi wenye mafundo, wateja wanadhani ni mbwembwe za ufundi. Marehemu alibembeleza, alinuna, alimtuma mwalimu mwingine aje kama mteja wa gauni akafukuzwa na gauni lake, alipiga magoti, ndiyo, mwaka 2009, katika jiko lake mwenyewe, na akamwambia shemeji yake, "Nimewafundisha watoto wa watu mpaka wenye ndevu, shemeji, wangu nimemharibu kwa mkono wangu, na hataki hata nimguse."

Machi 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, madaktari wakasema moyo umetanuka, binti akafunga cherehani akabaki nyumbani kumuuguza, dawa akizijua kwa rangi, ya njano asubuhi, nyeupe mbili jioni. Ijumaa tarehe 19 Julai 2024 duka la dawa liliishiwa na zile za kawaida, likatoa dawa ile ile ya kampuni nyingine, vidonge vyote vyeupe. Binti alikaa na makasha mapajani tangu asubuhi, mama amelala kwa uchovu, akiona aibu kumuuliza jirani, akiogopa kubahatisha, na hakumpa hata kimoja, jioni mapafu yakajaa maji wakakimbizana hospitali. Daktari alipouliza nani anasimamia dawa, marehemu aliivuta barakoa ya hewa pembeni akasema, "Nilizikataa mwenyewe, daktari, mimi mkaidi." Kesho yake binti alikaa ukingoni mwa kitanda, miaka ishirini na saba imepita, akasema, "Mama, nianze wapi?"

Wakaanza, na mwalimu ambaye tangu vile vitabu visivyo na picha aliwaambia wenzake msimkimbize mtoto, sasa alikimbia. Irabu zote kwa siku nne, kisha m, ambayo aliweza kuivuma mdomo umefungwa, n, t, k, l, d, lakini ya "sss" ilimletea kikohozi mpaka mashine ikapiga kelele, ikabidi nesi awe anapita kumsaidia kuitamka, na mgonjwa wa kitanda cha pili anadakia, "Unganisha, mama, unganisha, usituache njiani!" Madaktari walimkataza kuongea, akanyamaza wakiwepo, wakitoka anaendelea, na kila jioni aliuliza zimebaki ngapi. Alhamisi tarehe 12 Septemba 2024 walikuwa wamefika b, binti akasoma "baba", akasoma "bibi", akasoma "bado", marehemu akainua kidole, ishara ya kwamba haya, inayofuata, na kidole kikashuka, ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi. Zimebaki herufi kumi, na zile za kuandamana kama sh na ch na ng', na familia haijui nani atazifundisha, kwa kuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne hana darasa la kwanza la kwenda kukaa, hivyo kama kuna mwalimu hapa mwenye alasiri moja, tunaomba, asitusubirishe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, na kwa namna ya pekee nesi aliyekopesha pumzi zake, mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye bado amelazwa, majirani waliopika na kufua bila kuitwa, walimu wenzake, hata waliozungumzia hali ya hewa, na wale thelathini na watatu, ambao tunaona wengi mmekuja.

Jana karatasi hii ilipokamilika, shemeji alimfuata binti wa marehemu akamuuliza yapi ayaache, kwa ajili ya heshima yake mbele za watu, naye akajibu, "Soma yote, Baba Mdogo, maana mimi siwezi kuishika nikajua umeruka wapi."

Hatujaruka popote. Mwalimu, pumzika kwa amani.