Sifuri za Mama Andong

Nje ya duka la Bi Gwak, nyuma ya lango la chuo kikuu, pana kibaraza cha mbao chenye wenyewe watatu. Kila Ijumaa wakitoka kwenye mazoezi ya magoti katika ukumbi wa wazee, hupanda hapo, huvua viatu, hukunja miguu waliyokatazwa kuikunja, na hunywa kahawa ya pakiti, ile yenye sukari na maziwa humo humo, wakiikoroga kwa pakiti yenyewe. Wa kwanza ni Mwenyekiti, aliyeongoza mtaa kwa miaka kumi na minane na hajakubali bado kwamba alishastaafu. Wa pili ni Redio, asiyehitaji betri. Wa tatu ni Mama Andong, aliyetoka mji wa Andong kuja kuolewa hapa miaka hamsini na miwili iliyopita, na mpaka leo anahesabiwa mgeni. Husukuma kigari cha mtoto kisicho na mtoto. Ndani mna figili, na kigari chenyewe ndicho mkongojo wake. Ijumaa hii kahawa ilikuwa ya moto, lakini Mama Andong hakuigusa. Sol-bi hakutokea mazoezini. Ilibidi Mwenyekiti ahesabu yeye, na kila akifika saba anaruka kwenda kumi.

Sol-bi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tiba ya viungo. Utafiti wake ndio huo wa magoti: wiki kumi na mbili za mazoezi, na kila Ijumaa anamuuliza kila mzee maumivu yake ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Matokeo yakikubaliwa, yeye anahitimu na mazoezi yanaendelea mwaka mzima. Yakikataliwa, vyote viwili vinaota mbawa.

— Nimesikia kwa mlinzi wa lango, — alianza Redio. — Profesa wake kayakataa matokeo yetu.

— Kayakataa kwa lipi? — Mwenyekiti aling'aka. — Wazee kumi na wanne tumesema sifuri wiki nne mfululizo! Kuna matokeo mazuri kuliko sifuri?

— Ndiyo hivyo. Yamekuwa mazuri kupita kiasi.

Mama Andong alikodolea macho kikombe chake. Sifuri zile zilikuwa zake. Ijumaa ya kwanza alisema kweli, akasema tisa, akamwona binti wa watu, aliyekuwa amepiga magoti sakafuni kumpima, akinywea. Ijumaa ya pili akawapitia wenzake mmoja mmoja: tumpe sifuri, mtoto ahitimu. Wakampa sifuri kama walivyokuwa wakimpa kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, na viazi vitamu, bila kumbakizia mtu.

— Mimi najua kinachoendelea, — alisema Mwenyekiti, akishusha sauti isiyoshuka. — Ni wauza magoti.

— Wauza nini?

— Magoti ya chuma, bwana! Wazee wote hawa wakipona kwa kunyoosha mguu juu ya kiti, nani tena ataenda kuwekewa chuma? Wamempigia profesa simu.

— Fiksi hizo, — Redio alimkata. — Hukuviona vile vidude vya kunata tulivyobandikwa mapajani? Vinanasa mwendo. Mwendo unapelekwa Seoul kwa maroboti, yajifunze kutembea.

— Yajifunze kwako? Roboti litembee kama bata?

— Bata au si bata, mkiona roboti linachechemea mguu wa kushoto, mjue hilo ni langu.

— Na mguu huo huo umeusemea sifuri!

— Na wewe je? Ulisema sifuri huku umeng'ang'ania meza!

— Nilikuwa naisogeza.

Mama Andong alicheka bila kupenda, kisha akarudisha macho kwenye kikombe.

— Nyamazeni niwape yenyewe sasa, — Redio aliinua kidole. — Huyo profesa hayupo. Nani kamwona? Chuo kizima kinaendeshwa na kompyuta, imefungiwa chumba cha chini. Inapenda namba ndefu. Ukiipa sifuri inakasirika.

— Profesa ni mtoto wa dada yake Bi Gwak, — alisema Mama Andong. — Juzi alikuwa hapa, kanunua mayai.

— Huyo ndiye waliyemtuma.

Hapo Sol-bi akatokeza konani, bahasha ya karatasi kwapani, macho mekundu. Aliinama mpaka nywele zikamfunika uso.

— Shikamooni.

— Marahaba, mjukuu wetu, — waliitika wote watatu, na Redio akasogea kumpisha. Sol-bi hakukaa.

— Profesa amesoma karatasi zangu. Anasema magoti yote ni sifuri, lakini kwenye kipimo cha kuinuka kitini kila mtu anashika meza na kukunja uso. Anasema kuna watu wananihurumia. Amenipa wiki saba zilizobaki, kuanzia leo. Zikija hivi hivi, anafunga utafiti.

Alitoa karatasi mpya, nyeupe, akashika kalamu.

— Kwa hiyo naomba niwaulize upya. Leo ni ngapi?

Mwenyekiti alianza kukagua mawingu. Redio alikosa matangazo. Bi Gwak alitoka na birika, akaziona nyuso zao, akarudi nalo ndani.

Mama Andong alizipima namba. Akisema sifuri anamzika binti huyu. Akisema kweli pengine anamzika vilevile, tena mbele ya watu. Alijionea haya, maana maishani mwake hakuwahi kumhurumia mtu vibaya namna hii.

— Sita, — alisema.

Kalamu haikusogea.

— Ni sita, mjukuu wangu. Mvua ikinyesha, saba. Na zile sifuri ni mimi niliyewaomba wenzangu, usiwalaumu. Nilikuona siku ile niliposema tisa. Ulinywea, nikadhani nimekuharibia masomo.

— Bibi, — Sol-bi alisema polepole, — sikunywea kwa ajili ya masomo. Nilinywea kwa sababu unaumwa.

Sol-bi aliiangalia karatasi, midomo ikimchezacheza.

— Kutoka tisa mpaka sita. Kwa wiki tano. Bibi, unajua hii ni habari kubwa?

— Kumbe sita inatosha?

— Inanitosha kuliko sifuri. Sasa naweza kutafuta ni zoezi gani lililokusaidia.

— Mimi nane! — Mwenyekiti alipaza sauti.

— Nane wapi? Jana ulikuwa juu ya ngazi unapaka rangi! Wewe ni nne, nane ni mimi! — alidakia Redio.

— Mmoja mmoja, babu zangu, na msishindane! — Sol-bi alicheka huku akifuta macho kwa kiganja.

Mama Andong alijisikia mwepesi, akafurahi waziwazi kama mtu aliyetua gunia.

— Ijumaa ijayo nitajitahidi nikuletee tano, — alisema. — Goti likikataa, nitakuletea saba.

— Nitaandika saba, bibi.

— Haya, zamu yangu kuuliza. Umekula leo? Na usinihurumie.

Sol-bi alifungua mdomo, akaufunga, akatazama chini.

— Sijala, bibi. Tangu jana.

— Bi Gwak! — Mama Andong aliita kuelekea dukani. — Injika maji ya tambi!