Mkate wa Evaristi

Marehemu Evaristi Ntirampeba alizaliwa Mabamba, Kibondo, tarehe 9 Machi 1934, kitinda mimba wa mzee Reverien. Alilelewa kwa ugali wa ulezi na maharage kama sisi sote, wala hakuwa mgonjwa.

Mwaka 1944 misheni ilitaka kila nyumba itoe mtoto mmoja akasome. Baba alimtoa yeye. Mimi kaka yake Venanti, ninayewasomea maneno haya, nilibaki na mbuzi, nikajifunza kusoma kwa vitabu vyake vikuukuu alivyovirudisha nyumbani.

Mwaka 1952 aliajiriwa jikoni, misheni ya Kasulu, akawa mwoka mikate. Kila Krismasi alituletea mkate uliofungwa kwenye kanga. "Kaka, huu hauhitaji meno," alikuwa akinitania. Mama aliula polepole, macho amefumba. Ulezi nilioulima mimi hakuwahi kuula hivyo.

Alifunga ndoa na Maximilla tarehe 14 Julai 1962. Siku moja walipotutembelea, Maximilla aliniambia, "Shemeji, mume wangu akiwa kwenu, tumbo linalomsumbua linatulia. Tukirudi Kasulu, linaanza tena."

"Basi mwache huku."

Evaristi akacheka. "Anifundishe kuchunga mbuzi?"

Mwaka 1971 mguu wake ulivunjika aliposhuka tu kwenye baiskeli. Mwaka 1974, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa na mashamba yetu ya ulezi yakageuka pori, alivunjika mkono akiinua sinia la mikate. Mgongo ukapinda, hata mimi niliyekuwa mfupi nikamzidi kimo. Madaktari walitibu mfupa baada ya mfupa. Juni mwaka huu, nyonga ilipovunjika, ndipo daktari mmoja akauliza habari za tumbo. Alisema wapo watu ambao matumbo yao huharibiwa na ngano, chakula kisifike kwenye mifupa, na kwamba jambo hilo hutembea katika ukoo.

"Kaka, ulezi wako umeshinda," Evaristi aliniambia.

Si ushindi nilioutaka. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 21 Agosti 1977.

Ameacha mjane, Maximilla. Wana wawili, Havyarimana na Niyonsaba. Na binti, Kezia, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye tumbo limeanza kumsumbua. Kwa hiyo chai ya matanga haya itanywewa kwa viazi vitamu. Mikate iliyoletwa irudi na walioileta. Misheni ilikaa na Evaristi miaka thelathini na mitatu, Kezia haitampata. Mama yake amekubali akae kwangu. Kipande cha shamba la ulezi bado ninacho.

Mungu aipumzishe mifupa ya mdogo wangu.